Ngata za Mwinyikondo

Mtu mmoja alikuwa na mikono miwili mizima, naye aliionea huruma sana. Jina lake Mwinyikondo. Mwaka huo mvua zilikuwa haba, mihogo ikatoka myembamba kama vidole, naye akaona jembe halimlipi tena. Akakusudia kutengeneza vitu vya mkono na kuviuza. Wazo lilikuwa zuri, na mkewe Siwatu alimuunga mkono kwa moyo wote. Laiti angejua.

Kuchagua kazi ndiko kulikomshinda. Alipita kwa wafinyanzi, akaona udongo unachimbwa mbali. Akawatazama wachonga vinu, akaona shoka ni zito. Mikeka inaumiza mgongo, vikapu vinakata vidole. Kila kazi aliiuliza swali moja tu, kama itamchosha. Kwamba itamfaa nani, hilo hakuuliza.

Asubuhi moja, akiwa barazani na kikombe chake cha chai, akawaona wanawake wakirudi kisimani na ndoo zao. Chini ya kila ndoo palikuwa na ngata, ule mviringo wa nguo au majani ambao mbebaji huuweka kichwani ili mzigo usimuumize. Siwatu aliisokota yake kwa kipande cha kanga, mara moja, wala hakuitazama. Mwinyikondo akakiweka kikombe chini. Kumbe kazi rahisi kuliko zote imekuwa ikimpita mlangoni miaka yote. Kila mwanamke ana kichwa, akawaza, na kila kichwa kina ndoo. Akaanza kuliona bati jipya juu ya nyumba yake.

Kasoro ilikuwa moja. Tangu azaliwe, Mwinyikondo hakuwahi kubeba kitu kichwani. Utotoni alibebewa na dada zake, ukubwani akabebewa na mkewe, na kichwa chenyewe kilizoea kofia tu.

Sasa akatafuta cha kusukia. Siwatu alikuwa na ukindu aliouchuma bondeni kwa mkono wake, akauchemsha na rangi, akauanika, akautundika darini. Ulikuwa wa mkeka wa binti yao Zuhura, aliyekwisha chumbiwa, maana kijijini kwao bibi harusi haendi kwa mumewe bila mkeka uliosukwa na mama yake. Akienda mikono mitupu, mawifi watalisema jambo hilo mpaka wajukuu wazeeke. Mwinyikondo aliyajua yote hayo. Akajiambia kwamba faida ikiingia atanunua mkeka ulio bora zaidi, na hapo tayari alikuwa amepanda juu ya kiti. Siwatu alipokwenda msibani kijiji cha pili, mume aliushusha ukindu wote akaukatakata.

Nisimnyime haki yake: zilitoka ngata nzuri. Zilikuwa nyekundu na za kijani, nyingine zimetiwa nyota. Ili ziwe duara sawasawa alizisukia kwenye mdomo wa kinu, akazikaza mpaka zikawa ngumu kama kwato. Akazitunga kwenye fimbo, akavaa kanzu yake ya Ijumaa, akaenda kisimani.

Wanawake walizisifu. Waliuliza kama ni za kukalishia mitungi, au ni za watoto kuchezea. Alipowaeleza, wakatazamana. Kisha Bi Somoe, mama mtu mzima aliyeteka maji hapo tangu kisima hakijajengewa ukingo, akachukua moja, akaiweka kichwani, akatwikwa ndoo. Hatua ya pili ngata ikateleza, ndoo ikaifuata, na maji yote yakamwishia Mwinyikondo. Bi Somoe akajipapasa utosi, akamuuliza kwa upole ameipima kwa kichwa cha nani. Mwinyikondo, kanzu imemganda mwilini, akasema kweli: kwa kinu.

"Basi kakiuzie hicho kinu, baba," akasema Bi Somoe.

Kicheko cha hapo kilifika nyumbani kabla yake. Siwatu alikuwa amekwisha rudi msibani, amesimama akiitazama dari tupu. Hakupiga kelele, na heri angepiga. Alilia, na Mwinyikondo akaona aibu ambayo hakuwahi kuionja maishani. Kisha mke akajifuta macho, akamwambia kwamba ukindu uko bondeni, maji ya kuuchemshia yako kisimani, na kichwa anacho.

Akaenda. Mzigo wa kwanza wa ukindu aliubeba kwa ngata yake mwenyewe, ile ya nyota, na kabla hajamaliza kilima aliitupa vichakani akimtukana fundi aliyeisuka. Akavua shati, akalisokota, akaona nafuu kidogo. Siku nyingine akajaribu gunia kuukuu, nyingine majani makavu ya mgomba, akajifunza shingo inataka nini na utosi unakataa nini. Ndoo nazo zilimwosha kila asubuhi mbele za watu, mpaka zikachoka kumwosha. Siwatu alisuka mchana kutwa bila kumsemesha sana. Mkeka ulipatikana, lakini kwa shida: siku ya harusi rangi ya pembe moja ilikuwa haijashika, na kila wifi aliyeukalia aliondoka na kijani nyuma.

Harusi ilipopita, Mwinyikondo alirudi kisimani na ngata chache, laini, za majani ya mgomba yaliyovikwa kitambaa. Hazikuwa na nyota hata moja. Bi Somoe akaichukua moja, akaibonyeza kwa kidole gumba, akamuuliza swali lilelile. Mwinyikondo akavua kofia, akainamisha kichwa, na wote wakaona pale utosini nywele zilipokatika, duara kamili. Bi Somoe akafungua pindo la kanga, akanunua mbili.

Ndugu zangu, wapo wengi wanaotupitia milangoni wakituuzia nafuu ya mizigo yetu, na maneno yao yametiwa nyota. Akija kwako mmoja wao, usibishane naye; mwombe tu avue kofia.