Kichembe, Mpangaji wa Bi Mtama

Jamani, mpo?
Tupo.
Masikio mmekuja nayo?
Tumekuja nayo, yako wazi.
Nitie nini humo?
Tia ngano.

Natia. Zamani, kwenye shamba moja la nchi ya jua kali, aliishi Bi Mtama. Alikuwa mrefu, mwembamba, na suke lake lilikuwa bado changa, punje laini kama maziwa. Siku moja akasikia mtu anabisha kwenye mizizi: ngo, ngo, ngo.

"Hodi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Nani wewe? Mbona sikuoni?"

"Naitwa Kichembe. Hakuna anayeniona, bibi. Ukitupanga elfu moja, hatujazi kichwa cha sindano. Udongo umekauka, naomba chumba."

"Uingie unile?"

"Nitalamba sukari kidogo tu. Kutafuna siwezi, meno sina."

Bi Mtama akafikiri. Wenye meno wote waliomjia hawakuwahi hata kubisha hodi. Akamfungulia.

Kichembe akaingia, akajigawa, wakawa wawili. Wakajigawa, wakawa wanne. Mwezi haujaisha, kila pingili ya shina ina Kichembe wake, na wote sauti moja. Bi Mtama hakuumwa kichwa wala tumbo. Lakini majirani wakamcheka. "Umejijaza vijidudu mwilini, utaoza." Siku nyingine Bi Mtama naye aliogopa.

Ndipo akaja Bungua, kiwavi mnene mwenye taya kama mkasi. Kwaru, kwaru, kwaru, anatoboa shina. Pu, mtama uko chini. Akala jirani wa kushoto: kwaru, kwaru, kwaru, pu. Akala jirani wa kulia: kwaru, kwaru, kwaru, pu. Siku ya tatu akaanza kumpanda Bi Mtama.

"Kichembe, mjukuu wangu," Bi Mtama akasema, "tumekwisha. Punje zangu hazijakomaa. Nikianguka leo, siachi hata mbegu moja."

"Niruhusu niongee naye, bibi."

"Utaongea nini na yule?"

"Nitamkaribisha chakula. Kupigana sijui, ila kupika uchungu najua."

Bungua akang'ata pingili ya kwanza. Mara akasikia sauti ndani.

"Shikamoo, mzee. Kula shina lote, ila mimi niache."

Bungua akaacha kutafuna. "Wewe ni nani, na kwa nini nikuache?"

"Mimi ni Kichembe. Utamu wote wa shina hili nimeukusanya mimi. Ukinila mimi, wenzangu watalia."

"Basi nakula wewe kwanza," akasema Bungua. Akang'ata, kwaru. Akakunja uso. "Mbona chungu?"

"Huo ni uchungu wa mlangoni, mzee. Mimi nimeshahama, niko pingili ya pili."

Bungua akapanda pingili ya pili. Kwaru. Chungu zaidi.

"Pole, mzee. Niko pingili ya tatu."

Akapanda ya tatu. Kwaru. Ulimi ukafa ganzi.

"Pole sana, mzee. Niko pingili ya nne."

Hakuna aliyekuwa amehama. Kila pingili alijibu ndugu wa pale pale, na kila ndugu alikuwa amepika chungu chake cha uchungu. Bungua angeweza kushuka akaenda zake, lakini aliuwaza ule utamu, mate yakamtoka. Akafika pingili ya tano, jasho linamtiririka, tumbo linanguruma: guru, guru, guru.

"Kichembe," akasema kwa sauti ndogo, "uko wapi hasa?"

"Sasa hivi, mzee? Niko tumboni mwako."

Bungua akaachia shina. Pu, chini. Siafu waliokuwa wakipita hawakumuuliza habari za nyumbani.

Bi Mtama alibaki na matundu matano, na kila upepo ulipovuma aliyumba. Lakini alisimama. Punje zikakomaa, zikawa ngumu, nyekundu. Alipoanza kukauka akawaita wapangaji wake.

"Wajukuu zangu, nyumba hii inachakaa. Ingieni kwenye punje, kila punje mmoja."

Wakaingia. Mvua zilipokuja, mitama mia ikaota, na kila mmoja alizaliwa na Kichembe wake. Jirani mmoja aliyenusurika pembeni mwa shamba akajikohoza.

"Watoto wa Bi Mtama, samahani. Hamna ndugu mmoja wa kuniazima?"

"Wamejaa udongoni," wakamjibu. "Wakibisha, itikia."

Sasa funzo, wanangu, lishikeni vizuri: mgeni usiyemwona usimfungulie mlango hata siku moja. Majirani wa kushoto na wa kulia walilifuata funzo hili mpaka mwisho, wakaliwa wakiwa safi kabisa.

Ngano imeisha mdomoni mwangu. Iko wapi sasa?
Iko kwetu.
Haya, kaeni nayo.