Ubeti wa Koti

Maji yakiwa mtungini humtii mwenye mtungi. Atayanywa, atayapikia au atayaacha yatulie. Yakishafika ardhini, hata apige magoti na kukinga viganja viwili, atainuka na matope. Maneno nayo ndivyo yalivyo, na asiyeamini amuulize Lusekelo wa Uyole.

Lusekelo alikuwa kijana mwenye kipaji cha kutunga mashairi, na kiburi cha kukijua. Hakufundishwa na mtu. Alijifunza mizani kwa kuhesabu vidole huku akiuza viazi sokoni, mpaka beti zikawa zinamtoka kama cheche kwenye kiwanda cha mhunzi. Asubuhi ile, basi la vijana wa kanisa lilipoondoka Uyole kwenda kwenye makambi makubwa ya Iringa, aliketi kiti cha mbele kama chifu.

Vijana wale walikuwa na desturi yao. Kila anayepandia njiani hupokewa kwa ubeti uliotungwa papo hapo, na basi zima huuimba mpaka akae. Mtunzi alikuwa Lusekelo. Pale Chimala alimpokea Paskalina kwa sifa tamu hata msichana yule akajifunika uso kwa kanga.

Pale Igawa alikuwa akingoja msichana mmoja tu, Kashindye, binti wa wafugaji wa bonde la Usangu. Hakuna aliyemjua isipokuwa mlezi wao, Mwalimu Zabron, ambaye alimsikia akiimba ibadani huko bondeni, akamchagua aimbe peke yake siku ya ufunguzi kwa niaba yao wote. Kashindye alipanda akiwa amevaa koti la kiume, jeusi, zito, lililomfika kwenye vifundo vya miguu. Lusekelo alisimama, akajikohoza, akaachia:

Koti limepanda basi, mwenyewe hatumuoni,
Lavuta vumbi jeusi, na samadi mfukoni,
Dereva shuka upesi, ulirudishe zizini,
Tusije kuitwa sisi, wachunga ng'ombe mjini!

Basi lililipuka kwa vicheko. Didas, rafiki wa Lusekelo, aligeuza mgongo wa kiti kuwa ngoma. Ubeti ulikuwa mtamu, na hilo ndilo lililokuwa balaa, kwani ulinasa kwenye ndimi kama ulimbo. Nje, mzee mmoja mwenye shati jepesi alisimama kando ya pikipiki yake. Ngurumo ya injini ilimzuia kusikia maneno. Aliona tu vijana wanamwimbia binti yake, naye akaanza kupiga makofi kwa kuifuata ngoma, meno yote nje. Kashindye alimpungia mkono mpaka basi lilipokata kona.

Mwalimu Zabron alimwinamia Lusekelo. “Umemwona yule mzee?”

“Nimemwona, Mwalimu.”

“Koti ni lake. Amelivua sasa hivi akamvisha mwanawe, kwa kuwa ameambiwa Iringa kuna baridi. Yeye atarudi bondeni na kishati kile.”

“Mwalimu, ni utani tu.”

“Utani una wenyewe, kijana. Wewe na huyu binti mmeanza kutaniana lini?”

Lusekelo alirudi kitini. Uso ulimwaka kama aliyevuliwa nguo mnadani. Basi liliposimama Makambako, wenzake wakashuka mbio kununua mahindi ya kuchoma, yeye alimwendea Kashindye aliyebaki kitini.

“Dada, nimekukosea. Nisamehe.”

Kashindye alikunja pindo la koti magotini. “Una akili nyingi, kaka. Ungetunga tu kitu kingine.” Kisha akatabasamu kidogo. “Yameisha.”

Wenzake waliporudi, Lusekelo aliwasihi wasiuimbe tena ubeti ule, nao wakakubali. Alishusha pumzi. Hakujua kwamba pale kituoni mabasi mengine matatu ya makambi yalikuwa yamesimama, na Didas alikwisha kuwaimbia vijana wa mabasi hayo huku akitafuna mahindi.

Walipofika Iringa, mahema yalikuwa yametanda uwanjani kama uyoga baada ya mvua. Kwenye foleni ya bomba, wasichana asiowajua walikuwa wakiimba, “Koti limepanda basi!” Lusekelo alitimua mbio kuwafuata.

“Acheni huo wimbo!”

“Kwani wa kwako?” akamuuliza kijana mmoja mrefu mwenye ndoo.

Maisha yake yote Lusekelo alitamani kuulizwa swali lile. Siku hiyo aligeuka akaenda zake, wimbo akauacha bila mwenyewe.

Kesho yake alasiri ulikuwa ufunguzi. Upepo ulikuwa mkali, na Kashindye alipanda jukwaani na koti lake, kwa kuwa hakuona kwa nini alionee haya koti la baba yake. Kabla hajafungua kinywa, sauti moja ilipasuka katikati ya umati: “Koti limepanda basi!” Uwanja mzima ukaitikia. Hawakuwa na chuki. Walicheka kama watu walio mchezoni. Lusekelo alipenya mpaka mbele, akapanda juu ya benchi, akapunga mikono yote miwili kuwanyamazisha. Wakadhani anawaongoza, wakazidisha.

Kashindye hakuuanza wimbo wake. Alishuka ngazi taratibu, akiwa ameshikilia pindo la koti asijikwae.

Lusekelo alimkuta nyuma ya jukwaa, ameketi juu ya jiwe. Alisimama mbele yake, macho chini. “Kashindye, nisamehe tena.”

“Wewe nilishakusamehe, kaka, wala sijageuza neno langu,” alijibu. “Lakini wale hata hawanijui. Nani atawapitia mmoja mmoja?”

Lusekelo aligeuka kuutazama uwanja. Hema kwa hema ubeti wake ulikuwa ukiimbwa, mizani kamili, vina mahali pake, bila silabi hata moja kupungua. Kwa mara ya kwanza alitamani angekuwa mtunzi mbovu. Aliinamisha kichwa, na hapakuwa na la kufanya, kwa maana maji yakimwagika hayazoleki.