Kobe na Boga la Pili

Paukwa!

— Pakawa!

Mbona sauti zimelala? Au ubwabwa umewazidi? Paukwa!

— Pakawaaa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na masoko yao, aliishi Kobe. Kobe alikuwa na dada mmoja tu duniani, na dada huyo aliolewa mbali, ng'ambo ya nyika, kwenye ziwa la chumvi. Kobe alimkumbuka akipika, alimkumbuka akila, alimkumbuka akilala. Lakini miguu mifupi, nyika ndefu.

Chumvi ya ziwani ililetwa na Korongo. Aliiuza kibaba kwa maboga mawili. Kabla ya kupima, alikunja mguu mmoja, akasema:

"Kobe, dada yako anakusalimu. Amepata watoto. Anauliza, mdogo wangu mzima?"

"Mwambie mzima, ila nimemkumbuka mno."

"Nitamwambia."

Kobe akatoa maboga mawili, akaenda zake akicheka na kulia.

Siku moja akamkuta Sungura njiani, anapiga kelele: "Bei zote ninazo mimi! Nipe jani la mchicha nikwambie nani anauza rahisi!"

Kobe akatoa jani. Sungura akalitafuna, akasema, "Punda wameanza kuleta chumvi. Kibaba boga moja. Kwa Korongo, boga la pili unalilipia nini? Linaishia tumboni mwake!"

— Sungura mwongo!

Hapana, Kombo, tulia. Safari hii alisema kweli. Chumvi ya Punda ilikuwa ileile, nyeupe vilevile, na bei nusu. Kijiji kizima kikahamia kwa Punda. Korongo akakaa sokoni peke yake mpaka jua likazama. Hakuna aliyemwita. Akaruka, akaondoka.

Kobe naye akaenda kwa Punda. "Dada yangu hajambo?"

"Dada gani, mama? Sisi tunapakia, tunashusha. Chumvi yako hiyo."

Akarudi tena. "Hakuna salamu?"

"Chumvi yako hiyo."

Mtungi wa chumvi ukajaa mpaka mdomoni, na Kobe hakuweza kula. Moyo ulimuuma. Mwishowe akafunga safari mwenyewe. Akatembea, akatembea, akatembea, mvua zikaja zikaisha, akafika ziwani. Nyumba ya dada ilikuwa tupu. Chura, jirani yake, akatoka majini, akashtuka.

"Kobe! U hai? Dada yako alimngoja Korongo kila asubuhi. Korongo hakuja tena. Akasema, mdogo wangu amekufa. Akakulilia, akakuwekea matanga, kisha akachukua watoto akahama."

"Kahamia wapi?"

"Hakuaga. Labda Korongo angejua."

— Sungura je? Bei zote anazo!

Kobe alimuuliza pia, mwanangu Time. Sungura akasema, "Hilo halina bei. Silijui."

Basi wanangu, mkitaka kumpita mtu wa katikati, tazameni kwanza amebeba nini. Hana kitu? Mpiteni, msimpe hata jani. Amebeba salamu zenu? Mlipeni boga lake.

Kobe bado anatembea. Mkimwona ametoa shingo, anatazama huku, anatazama kule, msimcheke. Anamtafuta dada yake.

Hadithi yangu imeishia hapo. Yeye ndiye hajafika.