Mashine Iliyodai Ukoko

Paukwa!

Pakawa!

Sufuria imekwisha?

Imebaki!

Imebaki nini?

Ukoko!

Ukoko wa nani?

Wa aliyeosha!

Ee, hayo ndiyo maneno! Basi sogeeni, msikanyagane.

Hapo kale, ila si kale sana maana umeme ulikuwepo, Bi Kirukanjia alikuwa akiosha vyombo nyumbani kwa Bwana Ngiri. Kirukanjia mnamjua, mnyama mdogo mwenye pua ndefu kuliko akili za wengine. Kila siku aliosha, kwangu, kwangu, kwangu! Na kila siku ukoko wa wali ulikuwa wake, akawapelekea wanawe. Bwana Ngiri, mwenye nguvu za kung'oa mti na tumbo lisilojua kushiba, aliutazama ukoko ukiondoka na roho ikamuuma.

Siku moja akaleta mashine ya kuoshea vyombo.

"Bi Kirukanjia, kazi imekwisha," akasema. "Mashine itaosha, ukoko nitakula mimi."

"Na wanangu, Bwana?"

"Wanao si wangu."

Loo! Kirukanjia akarudi mikono mitupu kwenye tundu lake nyuma ya jiko. Watoto wakalala na njaa, wakaamka na njaa.

Kesho yake wakwe wa Ngiri walikuwa wanakuja kula. Ngiri akapika wali wa nazi, sufuria kubwa, akaupakua kwenye bakuli, akabaki na ukoko wake chini. Kisha akajaza ndani ya mashine sahani chafu za kuwapakulia wakwe. Muuzaji alimwambia atie kijiko kimoja cha sabuni yake maalumu.

"Kijiko kimoja? Mimi, Ngiri?"

Akamimina pakiti nzima ya sabuni ya kufulia. Akabonyeza.

Ngwoo, ngwoo, chwa! chwa! Mara povu! Povu mlangoni, povu sakafuni, povu mpaka kwenye masharubu ya Ngiri! Mashine ikagoma. Taa nyekundu yenye alama ya tone la maji ikawaka, na kilio kikaanza: Tii! Tii! Tii!

Ngiri akafunga bomba. Tii! Akausukuma mlango wa mashine, pu! Tii! Akaizaba kofi. Tii! Akapiga magoti achungulie chini, lakini meno yake marefu yakagonga sakafu, kwa! Hakuona kitu. Sahani zimejaa povu, wakwe wako njiani, na yeye tangu azaliwe hajawahi kuosha hata kikombe.

"Bi Kirukanjia! Njoo, dada yangu!"

"Leo nimekuwa dada?" Kirukanjia akajisemea. Akaingia chini ya mashine, churu! Akakagua mipira ya maji: mikavu. Akatazama sinia la chini: limejaa maji ya povu, na kiboya kidogo kinaelea, kimeinuka, kinabonyeza kengele. Kumbe! Maji yakimwagwa kiboya kitashuka, na kelele zitakwisha. Akafurahi mpaka mkia ukatetemeka! Alitaka kupaza sauti, halafu akawakumbuka wanawe. Akatoka na uso wa msiba.

"Inasemaje?" Ngiri akauliza.

"Inalia njaa, Bwana. Inasema aliyeosha vyombo ndiye mwenye ukoko."

"Mashine ina meno?"

"Koo la kulilia inalo. Meno yatakosekanaje?"

Ngiri akakuna kichwa. Sheria ya jikoni ni sheria, hata bibi yake aliifuata. Akamega kipande kidogo. Kirukanjia akaingia nacho chini, churu! Kwachu, kwachu. Tii!

"Inasema hiyo ni ya kuonja."

Akamega kikubwa zaidi. Churu! Kwachu, kwachu. Tii!

"Inauliza, mbona sufuria unaificha mgongoni?"

"Hodi! Hodi humu!" Wakwe hao, wameshaingia uani! Jasho likamtiririka Ngiri.

"Chukua wote! Chukua wote, ninyamazishie!"

Kirukanjia akauburuta ukoko mpaka tunduni, watoto wakaurukia, akarudi mbio. "Sasa chomoa waya, Bwana. Nani anakula huku anafanya kazi? Haya, iinamishe, ipate kumeza."

Ngiri akaiinamisha kwa nguvu zake zote. Gwaaa! Maji yote yakamwagika, kiboya kikashuka, to! Wakayapangusa maji, Ngiri akachomeka waya.

Kimya! Kimya kitamu!

"Sasa fungua bomba, isukutue kwa maji matupu," Kirukanjia akasema. "Na sabuni ya kufulia inaichoma koo. Kijiko kimoja tu cha sabuni yake."

Ngwoo, ngwoo, chwa! Sahani zikatoka zinang'aa. Wakwe wakala, wakasifu. Mama mkwe akalamba vidole, akauliza, "Mwanangu, na ukoko?"

"Umeliwa na mashine, mama."

Wakwe wakatazamana. Baba mkwe akaweka tonge chini. Katika kimya kile, kutoka nyuma ya jiko, ikasikika: kwachu, kwachu, kwachu.

"Mnaisikia?" Ngiri akasema, kifua mbele. "Ikishiba hailii!"

Mpaka leo, kila akipika, huuweka ukoko wote chini ya mashine. Na hupiga hodi kwanza.

Funzo ni hili, watoto: mwongo hufa njaa. Bi Kirukanjia amenenepa mpaka imebidi tundu lipanuliwe, lakini hayo msiniulize mimi.

Hadithi nimeipakua, sufuria naiacha hapo. Atakayeiosha, ukoko wake.