Taa za Ghorofa la Bwana Mbwambo

Ghorofa la Bwana Mbwambo lilikosa wapangaji na yeye, kwa akili zake nyingi, akaamua tatizo ni giza. Siwema, fundi umeme aliyepanga chumba cha juu, alimkumbusha nyufa za ukutani zinazomwagia mvua kitandani kwake.

"Nyufa gani? Mimi sizioni. Nifungie taa nje, nyumba ivutie, ama uhame."

"Nitazifunga chini ya ukuta zimulike juu, kama hotelini," Siwema alijibu kwa adabu zote.

Jioni Bwana Mbwambo akaalika watu waje kutazama vyumba. Taa zikawaka. Kila ufa ukajichora mweusi, kutoka msingi hadi paa. Wageni wote wakakumbuka kwamba wana haraka.

Asubuhi, akiwasimamia mafundi wa plasta, alimfokea Siwema: "Umeniaibisha!"

"Mimi tena, baba mwenye nyumba? Ulisema nyufa huzioni, nikakuwashia taa."