Dirisha Jipya la Bi Mwanakombo

Hapo zamani, si zamani za mababu bali hizi zetu za kompyuta za mezani, palikuwa na Bi Mwanakombo, mtunza nyimbo wa redio ndogo ya mji wao. Kazi yake aliifanya kwenye terminali, lile dirisha jeusi la kuandikia amri. Amri moja huhifadhi wimbo, amri moja huufuta, na uliofutwa umekwenda. Humo ndimo ilimokuwa sauti pekee ya marehemu mama yake, akiimba nyimbo za harusi.

Macho yalipoanza kufifia, akaingiwa na hofu. Madirisha yake mawili, la nyimbo za kutupwa na la ghala la nyimbo za kutunzwa, yalifanana kama shilingi kwa ya pili. Akasema, "Atakayenipatia terminali ya kunikinga nisikosee, kanga ya mama ni yake."

Mpwa wake Rukia akajaribu hii, akaacha ile, mpaka akapata terminali yenye herufi kubwa kama za kibao cha duka. Mume wa Bi Mwanakombo, Mzee Hamadi, asiyejua hata kuwasha kompyuta, akachungulia. "Bibiye, chupa ya mafuta ya taa si tunaifunga kitambaa chekundu, tusije tukakaangia samaki? Basi na dirisha la ghala lipakeni wekundu." Likapakwa. Chande, fundi wa redio, hakuombwa. Aliipanga terminali iulize kwanza kabla ya kufuta. Bi Mwanakombo akamfokea, "Dirisha hili linanihoji kama karani wa forodha!"

Siku moja, ana haraka ya kwenda shughulini, akabandika amri ya kufuta, akidhani yumo kwenye dirisha la nyimbo za kutupwa. Dirisha likauliza: Una hakika? Kidole kikaenda kujibu ndiyo, kwa mazoea. Akaona wekundu, kidole kikasita. Akasoma zile herufi kubwa: jina la mama yake! Akajibu hapana, akajiinamia, analia na kucheka.

"Kanga yangu, shangazi," akasema Rukia. "Bila herufi zangu ungesoma nini?"

"Bila swali langu, Bi Mkubwa, kidole kingeshapita," akasema Chande. "Nami nina mtoto mchanga, sina cha kumbebea."

Mzee Hamadi akakohoa. "Bila wekundu wangu ungejibu ndiyo. Tena mwenye kanga alikuwa mkwe wangu, alinipenda kuliko nyote."

Bi Mwanakombo anawapenda wote watatu, na kanga ya marehemu haigawanywi. Haya, nyie mnaojua kuamua ya wenzenu, msaidieni: nani alistahili?