Fundo la Mzee Tweve

Ukinunua cha mtu, fungua na fundo lake. Mmeisikia leo mkacheka, mkadhani ni mambo ya vifurushi vya sokoni. Methali hii ilianza hivi, huku huku kwetu Njombe, na siku hiyo hakuna aliyecheka.

Atilio Chengula alikuwa fundi wa mashine, na ufundi wake wote alifundishwa na Mzee Tweve. Mzee alipochoka na kazi, alimwuzia Atilio mashine yake kuukuu ya kukatakata matawi, ile inayomeza matawi ya miwati na kutema vipande vya kufunika mashina ya miparachichi. Atilio aliipenda kama ng'ombe wa urithi. Alibadilisha beringi na mkanda, akanoa visu mpaka vikang'aa, akapaka grisi kila palipolia.

Kitu kimoja tu hakukigusa. Juu ya mdomo wa mashine palikuwa na fimbo ya chuma. Ukiisukuma, roli zinazovuta matawi husimama papo hapo. Fimbo hiyo ilikuwa imefungwa kwa ukanda wa mpira wa tyubu, isisogee. Mkewe, Edina, aliliona fundo, akauliza ni la nini.

"Amelifunga mzee mwenyewe," Atilio alijibu. "Kilichofungwa na mwalimu hakifunguliwi ovyo. Ana sababu yake."

Sababu yenyewe hakwenda kuiuliza. Aliona haya. Fundi mzima aulize habari za fundo?

Asubuhi moja ya kiangazi, Gaudensi, kaka yake Edina, alikuwa akiilisha mashine. Tawi lenye vikonyo likanasa mkono wa koti lake. Gaudensi aliiegemea fimbo kwa kifua, akaisukuma kwa nguvu zake zote. Fimbo haikusogea. Atilio alikimbilia injini akaizima, lakini visu vile alivyovinoa kwa mikono yake vilikuwa vimeshamaliza kazi.

Gaudensi alipona, ila mkono wa kulia uliishia kwenye kiwiko. Naye alikuwa seremala, jamani.

Gaudensi akiwa bado hospitali, Atilio alimfuata Mzee Tweve huko mbali alikohamia, ambako habari ilikuwa haijafika.

"Shikamoo, baba. Lile fundo ulilifunga kwa nini?"

"Marahaba. Fundo gani?"

"La mpira. Kwenye fimbo ya mashine."

Mzee alifikiri sana kabla ya kukumbuka. "Aa, lile! Fimbo ilikuwa imelegea, inasimamisha roli ovyo. Nikaifunga ili nimalize kazi ya siku ile. Halafu nikasahau." Akamtazama kwa upendo. "Nilijua utalifungua, mwanangu. Si wewe fundi?"

Atilio hakuweza kumwambia. Aliaga, akalia njia nzima ya kurudi.

Gaudensi alipotoka hospitali, alitaka kwanza apelekwe kwenye mashine. Akajaribu kulifungua fundo kwa mkono wa kushoto. Mpira ukamteleza. Akajaribu tena, ukamteleza. Atilio akasogea, akashika ncha ya pili, wakavuta pamoja. Fundo likafunguka mara moja. Halikuwa gumu hata kidogo.

Gaudensi aliutia ule mpira katika kiganja cha Atilio, akakifumba.

"Shemeji," alisema, "ukinunua cha mtu, fungua na fundo lake."